Cucu Akiingia Kuoga

Walicheka mazishini. Tulikuwa katika ukumbi wa kanisa kule Kamenu, mjini Thika, jeneza la Mama Ciru limewekwa mbele juu ya meza mbili zilizofunikwa kitambaa cheupe, na aliyekuwa mwajiri wetu, mtu tuliyemwita Mkubwa enzi hizo na ambaye bado anaitika jina hilo, akashika maikrofoni na kusema marehemu alikuwa mtu wa kuchekesha. Akasema alimwandikia karatasi za matembezi ya kitalii, na katika karatasi moja aliwaahidi wateja hivi: "Wageni watapikwa saa saba mchana kando ya mto." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mchungaji alicheka. Vijana waliobeba jeneza walicheka wakiwa wameegemea ukuta. Hata Ciru, binti yake, alitabasamu na kujipangusa macho, maana mfiwa hulishwa chochote na hushukuru. Mimi nilikuwa safu ya nne, na mkoba wangu mapajani ulikuwa na bahasha yenye karatasi nne za daftari. Sikucheka. Lakini si kwamba nilikuwa na haki ya kununa, kwa sababu mtu wa kwanza kabisa kulicheka neno hilo, miaka mingi iliyopita, nilikuwa mimi. Mzaha ule Mkubwa aliupata kwangu.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza mitihani ya chuo nikingoja mahafali, na nilikuwa nakaa Kahawa Wendani na wasichana wengine wawili katika chumba kimoja cha hosteli chenye dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Tulikuwa na jiko la gesi la kichwa kimoja, sufuria mbili na maneno mengi. Nilikuwa nimesomea Kiswahili na nilijiona nakijua. Ninaposema nilijiona, nataka nieleweke vizuri: nilikuwa mtu wa kumrekebisha kondakta sarufi kabla ya kumpa nauli. Nikapata kazi Ruiru, katika ofisi ndogo iliyopeleka vikundi matembezini, kwaya, vyama vya akina mama, shule za msingi. Walikuwa wakienda kwenye mashamba ya kahawa, wakienda kuona mananasi, na zaidi wakienda kwenye maporomoko ya mto upande wa Kilimambogo. Mkubwa aliniambia kazi yangu ni moja tu. Kuna mama anayeandika maelezo ya safari, anajua sehemu zote lakini Kiswahili chake ni cha sokoni, na sasa yeye, Mkubwa, anataka karatasi inayong'aa, yenye picha za rangi, ambayo mtu wa Nairobi ataisoma bila kuona haya. "Wewe msafishie tu," alisema. "Usimbadilishie kitu, safisha."

Ofisi ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Harufu ya rangi na saruji ilipanda ngazi pamoja nasi kila asubuhi na haikushuka mpaka tunafunga. Chumba kilikuwa kimoja, kikagawanywa kwa ukuta wa plaiwudi usiofika darini, na upande wa pili ndipo Mkubwa alipokaa na simu yake, kwa hiyo kila alichosema tulikisikia, na yeye alijua tunakisikia, na hakujali. Upande wetu kulikuwa na meza moja, viti viwili, na thamosi nyekundu ya Mama Ciru. Alikuja nayo kutoka Kamenu kila siku, pamoja na githeri, mahindi na maharagwe, katika kibakuli cha plastiki na parachichi moja aliloligawa katikati kwa kisu cha kukunja, nusu yake na nusu yangu, tangu siku ya kwanza, bila kuniuliza kama nataka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye viganja vikubwa, na aliandika kwa penseli akiinama sana kama anayetafuta sindano. Aliniita Mwalimu. Nilidhani ananisifu.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu ambao sikuuelewa. Kila Ijumaa, kabla ya safari ya Jumamosi, alikwenda mwenyewe kule kikundi kitakapokwenda. Alitembea njia yote, akaongea na wenye mashua, akaonja maji ya kunywa, akaingia chooni, kisha akarudi na kuandika upya karatasi ya safari hiyo, hata kama alikuwa ameiandika wiki iliyopita. Karatasi ya Jumamosi moja haikuwa sawa na ya Jumamosi nyingine. Nilipomuuliza kwa nini asiandike moja ikaisha, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Na mto ukibadilika?" aliniuliza. "Mimi siandiki mto wa wiki jana. Hao watu wanaenda kesho." Nililiona hilo kuwa jambo la mtu asiyejua kazi za ofisi.

Nami nilikuwa na hizo karatasi mbele yangu, na nitakuwa mwongo nikisema hazikuchekesha. Zilichekesha sana. "Mbuzi mmoja kwa watu ishirini atafuatana nanyi na kurudi akiwa supu." "Choo iko, lakini nendeni mkiwa mmeenda." "Mwenye viatu virefu atabaki na gari, ni sawa, gari pia hupenda mtu." "Mkianguka msiogope, wote huanguka, hata mchungaji wa mwezi jana." Na ile ya wageni kupikwa. Nilizinakili nikaenda nazo Wendani, na jioni moja siku ya kuzaliwa ya mwenzangu nilisimama juu ya kitanda nikazisoma kwa sauti ya Mama Ciru, kwa lafudhi yake na mabega yake, mpaka wasichana wakashika mbavu. Jambo likaenea. Kwenye hosteli nzima watu wakawa wakisalimiana, "Sasa, umepikwa?" na kujibiwa, "Bado, ndio natiwa chumvi." Nikaurudisha mzaha huo ofisini nikamsimulia Mkubwa, naye akaupenda, akawa anausimulia kwa wateja kwenye simu. Mama Ciru alisikia kupitia plaiwudi. Siku ya kwanza alicheka nasi. Baadaye akawa anaendelea tu kumenya parachichi.

Leo nimekuwa mhariri kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na ninaweza kukwambia ni mangapi kati ya yale yalikuwa makosa. Machache mno. Mengine yote ulikuwa ukweli ulioandikwa na mtu aliyekuwa amefika. Choo kile hakikuwa cha kwenda. Kwenye mawe yale watu huanguka. Ni nani mwingine katika biashara ile yote angemwambia mteja hivyo kabla hajatoka nyumbani? Lakini mimi nilikuwa sijafika kokote. Nilikaa Ruiru juu ya duka la saruji nikiandika "mandhari ya kuvutia." Niliiandika kwa maporomoko, nikaiandika kwa mananasi, nikaiandika kwa kiwanda cha kahawa ambacho kina uvundo wa maganda yaliyooza unaoweza kukuangusha. Mpaka leo kitabu kikiniletea mandhari ya kuvutia nahisi shingo inapata moto.

Sentensi ninayotaka kuisema ilikuwa katika karatasi ya maporomoko, kila wiki, mahali pale pale. Hiyo haikubadilika. Iliandikwa hivi: "Cucu akiingia kuoga, mtu yeyote asivuke, hata kama jua ni kali, hata kama mmelipa." Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Mama Ciru alikuwa amesimama nyuma yangu akimimina chai.

"Hii nayo tunaitoa," nilimwambia.

"Hiyo usitoe, Mwalimu. Hiyo ni jiwe."

"Najua ni jiwe. Uliniambia."

"Basi hujaiangalia vizuri. Iko katikati, pale watu huvukia. Imeinama hivi, ndio wenye mashua huiita Cucu, nyanya mwenye mzigo. Ukiona mabega yake, vuka. Maji ikifika kwa shingo, kaa chini ule mahindi. Akiingia kuoga yote, hata wenye mashua hawatoki."

"Mama Ciru, watu wanaenda kustarehe. Hatuwezi kuwatisha. Na jua likiwa linawaka, nani atakuamini?"

Aliweka kikombe changu mezani. "Jua ni ya huku," akasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba. "Maji ni ya kule juu milimani. Kule inanyesha usiku, huku wewe unaanika nguo."

Nilielewa. Nataka hili lisomwe bila kupambwa. Sikukosea maana, sikupotoshwa na neno, hakuna kitu ambacho hakikuelezwa. Nilielewa kila neno, na nikapiga mstari mwekundu juu ya sentensi nzima huku mwenye sentensi akitazama, kwa sababu nyanya anayeoga katika karatasi inayong'aa angenitia aibu mbele ya watu waliosoma. Mahali pake nikaandika: "Wageni watavuka mto kwa miguu wakati wowote na kujionea mandhari ya kuvutia." Mkubwa alipoisoma alilipenda neno "wakati wowote" kiasi cha kulipigia mstari wa pili, wa bluu, wa kusifu. Mama Ciru alichukua nusu yake ya parachichi akaenda kula dirishani.

Karatasi zilichapwa, mamia, zikaja zikinukia wino. Na kwa kuwa sasa zilikuwepo, Mkubwa akasema safari za Ijumaa zimekwisha. Nilimsikia akimwambia kupitia plaiwudi, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kukera: "Mama Ciru, karatasi si iko? Sasa unaenda kuangalia nini? Mto umehama?" Yeye akajibu kitu kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini, na Mkubwa akacheka. Mama Ciru alipotoka kwake aliketi, akafungua thamosi, akaifunga bila kumimina. Ijumaa hiyo ilikuwa ya kwanza kumwona ofisini, na hakujua aiweke wapi mikono.

Haikuchukua hata mwezi mmoja. Kikundi cha akina mama wa kanisa moja la hapo Ruiru kilikwenda maporomoko Jumamosi, na kiongozi wao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mwalimu Esther, mwanamke mchangamfu aliyekuja ofisini mwenyewe kuchukua karatasi na kutusomea kwa sauti. Siku hiyo Mama Ciru alikuwa ametumwa aende na kikundi kingine kwenye mashamba ya kahawa. Kule mtoni jua lilikuwa kali. Cucu hakuonekana, na hakuna aliyejua kwamba palikuwa na mtu wa kutafutwa. Mwenye mashua mmoja aliwapigia kelele wasivuke, lakini wenye mashua huita wateja kwa kelele zile zile, nao wakadhani anatafuta biashara. Mwalimu Esther akainua karatasi yetu akasema, "Imeandikwa wakati wowote," akatangulia. Maji yakambeba; wenye mashua walimtoa chini zaidi, amenaswa kati ya mawe mawili, hai. Nyonga ilikuwa imevunjika vibaya. Wale wengine walikuwa hawajaingia, na kila mwaka nikifikiria hilo naketi.

Jumatatu wazee wa kanisa walikuja. Tuliketi upande wetu, mimi na Mama Ciru, chai imemiminwa, na juu ya plaiwudi tukasikia yote. Mzee mmoja aliuliza nani aliandika kwamba watu wavuke wakati wowote. Mkubwa alikohoa. Akasema, "Wazee wangu, mimi sitawaficha. Kuna mama wa Kamenu, mama mzuri tu, lakini hakusoma. Ndiye huandika. Kiswahili chake nyinyi wenyewe mnakijua, si ni yeye aliandika wageni watapikwa?" Mzee mmoja akaguna kicheko, hakuweza kujizuia, na nikajua imekwisha. Walimwamini kwa sababu walikuwa wameshacheka. Uongo ule haukuhitaji ushahidi, mimi nilikuwa nimeshautengenezea njia kutoka kitandani Wendani mpaka kwenye viti vya wazee wa kanisa. Mama Ciru aligeuza uso akanitazama. Hakunikunjia uso. Alikuwa anangoja tu, kwa adabu, kama unavyomngojea mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Mimi nilikuwa na kijiko mkononi. Nilikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Akakaza kifuniko cha thamosi. Akaokota kibakuli, kisu, penseli, akavitia kwenye kiondo. Mlangoni alisema, "Mwalimu, kunywa chai, itapoa," akashuka ngazi. Ile karatasi ya mstari mwekundu na nyingine tatu zilibaki kwenye droo yangu, na nilipoacha kazi mwisho wa mwaka nilizichukua. Sikuzichukua kwa ajili ya haki. Nilizichukua nisije nikakamatwa nazo.

Tangu hapo nimekula kwa kalamu ile ile. Nimehariri vitabu vya shule, hotuba, wasifu wa watu wenye majina, na watu husema nina jicho. Nilisikia Mama Ciru aliuza uji na viazi vitamu kwenye lango la kiwanda kimoja huko Viwandani Thika, kwamba wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walimpenda, kwamba Ciru alisoma. Nilisikia pia kwamba watu walimwita Watapikwa, usoni pake, na akaitika. Nina hasira na Mkubwa, na sitaificha kwa ajili ya uzee wake. Nina hasira na wazee wale ambao hawakuomba hata kumwona mama huyo aketi mbele yao. Nina hasira na lugha niliyofundishwa kuipenda kuliko mtu anayeisema. Na nikishamaliza kuwakasirikia wote hao, hasira inarudi nyumbani kwangu, inavua viatu, inaketi.

Kwa hiyo niliitia bahasha mkobani siku ya mazishi, na mpango wangu ulikuwa wa mwoga: nimpe Ciru pembeni, nimwambie ni ukumbusho wa mwandiko wa mama. Labda hivyo ndivyo ingekuwa. Lakini Mkubwa alipoketi na kicheko kikatulia, mwanamke mmoja aliinuka safu ya nyuma akaja mbele taratibu, akiegemea fimbo, mguu mmoja ukichora sakafu. Nilimjua kabla hajageuka. Mwalimu Esther alikataa kiti. Akasema watu wengi hawamjui, lakini yeye na marehemu wana hadithi. Akasema karatasi ya mama huyu ndiyo iliyomwambia avuke mto, na kwamba kwa miaka mingi alikuwa na uchungu naye, akawa anakwepa hata njia ya kupita Viwandani asimwone. "Lakini Mungu ni mwema," alisema. "Hata yeye hakujua, hakuwa amesoma. Nimekuja kusema mbele yenu kwamba nimemsamehe." Watu wakasema amina. Ciru akainamisha kichwa kwa aibu ya mama yake, mbele ya jeneza la mama yake.

Nikasimama. Mshereheshaji akaniambia muda umekwenda, nikamwambia dakika mbili, na nadhani uso wangu ndio uliomfanya aniachie maikrofoni. Nilitoa karatasi. Nikasoma sentensi ile, "Cucu akiingia kuoga, mtu yeyote asivuke," na wakacheka tena, vijana hasa. Nikaendelea, "hata kama jua ni kali, hata kama mmelipa." Nikaeleza Cucu ni nini. Kicheko kikafa safu kwa safu. Nikainua karatasi waone mstari mwekundu, nikasema aliyeuchora ni mimi, aliyeandika wakati wowote ni mimi, na Mama Ciru alinikataza kwa mdomo wake na nikamwelewa. Mkubwa alisema kutoka kitini, "Hayo ni ya zamani, madam, tusimharibie mama siku yake."

Mwalimu Esther alikuwa bado amesimama. Aliweka mikono miwili juu ya fimbo.

"Kwa hivyo miaka hii yote," akasema, "nilikuwa nasamehe nani?"

Sikumwomba anisamehe, kwa sababu hilo nalo lingekuwa kumtwisha mzigo. Niliteremka nikampa Ciru karatasi zote nne. Alisoma ile ya juu, kidole kikifuata penseli ya mama yake chini ya wino wangu, bila haraka, huku ukumbi mzima ukingoja.

"Mama alijua ni wewe?"

"Alijua. Alikuwa amesimama nyuma yangu."

"Na hakuwahi kusema."

"Hakuwahi."

Akazikunja, akazitia ndani ya Biblia, akaifunga. Kisha akaniuliza ninakaa wapi siku hizi, nikamwambia Ruiru, sijahama.

"Kutoka Ruiru mpaka hapa ni nusu saa," Ciru akasema. "Mama alikuwa hapa tu."